Alhamisi Tatu Bila Scrase

Alhamisi ni siku ya soko Pelbury, na saa nne asubuhi ya Alhamisi ni saa ya kijiwe. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao katikati ya uwanja, limeligeuzia kanisa mgongo na kuzielekea meza za wauzaji, hatua sita tu kutoka kwenye gari dogo la kahawa la Jacek. Anayefika kwanza ni Avis Tapsell. Kwa miaka ishirini na mitatu alisimama barabara ya shule na fimbo yake yenye duara la njano, akizuia magari watoto wavuke, na mpaka leo mji mzima unamwita Simama. Anayemfuata ni Wilf Garland, mstaafu wa reli, ambaye hakuna treni ya kwenda London asiyojua dakika yake. Huyo ni Ratiba. Wa mwisho ni Carlton Philpot, mzaliwa wa Barbados, aliyeendesha basi la mji hadi akastaafu. Carlton aliwahi kuitwa mahakamani akakaa siku nne na raia wenzake kumi na mmoja kuamua kesi ya mtu aliyedaiwa kuiba kondoo, na tangu hapo hakuna jambo asilolitolea hukumu. Ndiye Jaji. Mvua ikinyesha hufungua miavuli, mazungumzo yakaendelea. Lakini Alhamisi hiyo, mwisho wa mwezi wa Mei, hapakuwa na mvua. Palikuwa na jua la kweli, na bado kila mtu alikosa raha, kwa sababu mbele yao, kati ya meza ya mayai na meza ya jibini, palikuwa na pengo. Scrase, muuza miche, hakuja. Alhamisi ya tatu mfululizo.

— Haji huyo, alisema Ratiba akiitazama saa ya kanisa. Mtu wa saa moja kamili, sasa ni saa nne na dakika kumi na mbili. Treni ikifika hapo huwezi kusema imechelewa. Imefutwa.

— Usiseme imefutwa, alisema Avis. Mtu hafutwi.

— Nasema treni mimi.

— Basi sema treni, Scrase muache.

Jaji alifika na vikombe viwili vya kahawa, vyote vyake.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, akaketi, akaanza na kikombe cha mkono wa kushoto. Kwa hiyo hajaja?

— Unamwona?

— Naona shimo.

Wote watatu wakalitazama lile shimo. Pelbury mtu anaweza kukosa kanisani mwaka mzima asiulizwe, ila muuza miche kukosa Mei si jambo dogo. Huo ndio mwezi baridi ya alfajiri inapoacha kuunguza majani, na nyuma ya kila nyumba, kutoka stesheni mpaka kwenye kipilefti cha barabara kuu, udongo umeshapinduliwa unasubiri. Kwa Avis fito za maharage zilikuwa zimesimama wiki ya tatu, zimefungwa kamba vizuri, hazina kitu.

— Si ununue dukani kwingine, Ratiba alimwambia. Kule kwenye maegesho makubwa miche imejaa.

— Imejaa, lakini anayeuza ananijua? Juzi nimekwenda. Nikamwambia kijana wa watu, ukuta wangu unatazama kusini. Akaniuliza, ukuta upi?

— Scrase angejua.

— Scrase anajua ukuta wangu kuliko mimi.

Hilo hakuna aliyelibisha. Scrase hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijani majira yote, na akikuuzia mche alikuuliza swali moja tu, kisha jibu lako hakulisahau tena.

— Mimi sina bustani, alisema Ratiba. Nina dirisha. Nilimwambia hivyo, nikadhani atacheka. Akaniuliza, linatazama barabara au reli? Nikamwambia reli, mwanadamu kama mimi atatazama nini kingine. Akanipa nyanya za kuning'inia. Mwaka jana nimekula nyanya mpaka Oktoba.

— Mimi alinikatalia, alisema Jaji.

— Alikukatalia nini?

— Vitunguu. Nataka miche mia ya vitunguu, ananiambia kwako mteremko, maji hayatulii, nunua viazi. Mwenye kuuza anakataa kuuza. Umewahi kuona? Lakini nami nimekubali. Mchelea mwana hulia mwenyewe, ndiyo maana simenyi vitunguu tena.

— Methali hiyo si ya vitunguu, alisema Avis.

— Ina machozi ndani yake. Inatosha.

Avis alicheka kidogo. Yeye alikuwa na lake. Mwaka juzi mwezi wa Machi alimzika mumewe, Denis, na Mei ilipofika hakuwa na haja ya kupanda chochote. Alipita mbele ya meza ya Scrase bila kusimama, yeye Simama. Alipofika nyumbani akakuta kwenye kikapu chake, chini ya mkate, miche sita ya maharage iliyoviringishwa gazeti. Alhamisi iliyofuata alipotaka kumshukuru, Scrase alimwambia tu, "Ukuta mzuri ule, ungekaa bure," akageukia mteja mwingine. Hayo Avis hakuwahi kuyasimulia kijiweni. Maharage yale yalipanda mpaka dirisha la chumba cha kulala.

— Mimi nasema yuko Ureno, alisema Ratiba.

— Kafuata nini?

— Jua. Mtu ameishi na nyanya maisha yake yote, mwishowe tabia zinafanana. Sasa hivi yuko kwenye ndege. Aliye juu mngoje chini.

— Ureno wapi, alisema Jaji. Sikilizeni ushahidi. Mwenye bucha ameniambia kwa kinywa chake: kila Alhamisi Scrase hununua vipande viwili vya nyama ya kondoo. Viwili, si kimoja.

— Labda ana njaa.

— Umemwona alivyo? Yule ni ufito umevalishwa koti. Kipande cha pili kina mwenyewe. Kuna mwanamke.

— Miaka yote hii?

— Miaka yote alikuwa anamchumbia kwa nyama. Mwezi huu kakubaliwa. Wako fungate. Hukumu yangu ndiyo hiyo.

Jacek, aliyekuwa akifuta meza ya gari lake, akaingia.

— Huyo hana fungate. Miaka sita namuuzia kahawa. Anainywa amesimama nyuma ya miche yake, halafu kikombe anakiosha kwa maji ya kumwagilia ndipo ananirudishia. Kikombe cha karatasi, aisee. Cha kutupa. Mtu anayeosha kikombe cha kutupa haendi fungate Mei.

— Lakini jamani, alisema Ratiba, akisogea mbele, hamjajiuliza lile gari lake limeandikwa nini ubavuni?

— Scrase na Mwana.

— Sasa yeye ni yupi? Ni Scrase, au ni Mwana?

Wakatazamana.

— Ni Scrase, alisema Jaji. Nywele zote nyeupe.

— Mwana naye huzeeka, bwana. Mimi nilikuwa mwana.

— Basi kama ni Scrase, mwana yuko wapi?

— Ndiyo nawaambieni, alisema Ratiba. Mwana ndiye aliyemfungia gari. Anataka kulima maua ya harusi, baba anataka kabichi. Ugomvi wa mashamba huo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yule alilelewa kwenye nyumba ya vioo, pamoja na miche.

— Hiyo ni chai, alisema Jacek. Hapa tunauza kahawa.

— Si chai. Na kama si hivyo, ni serikali.

— Serikali imfanye nini muuza miche?

Jaji aliweka chini kikombe cha kwanza na kukishika cha pili, ishara kwamba sasa anaingia kwenye hukumu kubwa.

— Ratiba anaanza kuona mbali. Mwaka jana Aprili baridi iliua miche mji mzima. Ya Scrase haikufa hata mmoja. Mmoja. Kwa nini? Ana mbegu isiyoogopa baridi. Mtu mwenye mbegu hiyo ataachwa auze sokoni kati ya mayai na jibini? Wamekuja na gari jeusi, wamempakia na mboji yake yote. Yuko chini ya ardhi mahali fulani, anawapandia nyanya wakubwa.

— Chini ya ardhi hakuna jua.

— Ndiyo maana wanamhitaji yeye.

Avis aliwasikiliza huku akilitazama pengo. Kadiri hadithi zilivyopanda ndivyo yeye alivyozidi kushuka moyo. Maana alijua, na alijua nao wanajua, kwamba wanapaa juu hivyo ili wasikanyage chini, mahali ambapo mzee aliyekosa kazini wiki tatu ana sababu mbili au tatu tu za kukosa. Pelbury watu hawachokonoani. Utamsaidia jirani kumtafuta paka mpaka giza liingie, lakini huthubutu kumwuliza kwa nini mapazia yake hayajafunguliwa. Ni heshima. Avis alikuwa amekulia ndani ya heshima hiyo na hakuwahi kuuona ubaya wake, mpaka asubuhi ile ilipoanza kumbana kama kiatu.

Hapo ndipo lilipotokea jamaa moja pande la mtu, ndani ya koti la kazi la rangi ya chungwa, limekumbatia chungu cha mche wa nyanya kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Majani ya ule mche yalikuwa ya manjano. Alisimama mbele ya pengo, akageuka kulia, akageuka kushoto, kisha akaja moja kwa moja kwenye benchi.

— Habari za asubuhi. Samahanini. Muuza miche leo hayupo?

— Leo ni Alhamisi ya tatu, alisema Jaji. Wewe ni nani?

— Naitwa Garth Liddle. Nimehamia Februari, kule nyumba mpya. Natokea Sunderland.

— Kaskazini, alisema Ratiba, kwa sauti ya mtu anayetamka jina la mstari wa mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sogea hapo, kuna jua.

— Sikai, asante. Huyu mzee aliniuzia mche akaniambia ukigeuka manjano nisiulize mtu mwingine, nimrudishie yeye. Sasa umegeuka. Anakaa wapi nimpelekee?

Jaji alikichungulia kikombe chake. Ratiba akaitazama saa ya kanisa, ingawa hakuna aliyeuliza saa. Jacek aliacha kufuta.

— Anakaa, alisema Avis, kisha sentensi ikamwishia mdomoni.

— Mtaa tu, nitauliza mbele, alisema Garth.

— Hatujui, alisema Avis.

— Basi simu yake.

— Hatuna.

— Jina lake la kwanza?

Jacek alianza kufuta upya meza iliyokwisha kung'aa.

Garth hakuwacheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akaanza kuelewa kwamba ameuliza jambo zito kuliko mche wake.

— Mmemjua muda gani? aliuliza taratibu.

— Mimi miaka thelathini na mmoja, alisema Avis. Anajua ukuta wangu unatazama wapi. Anajua dirisha la huyu na mteremko wa yule. Amemjua kila mtu mji huu nyuma ya nyumba yake. Sisi hakuna hata mmoja aliyemuuliza lango lake liko wapi.

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alisimama.

— Sawa, alisema Garth. Hamjui anakaa wapi. Mnajua nini?

Swali hilo, tofauti na lile la kwanza, lilikuwa na majibu, na majibu yalianza kutoka pande zote. Mwenye bucha aliitwa akatoka na aproni yake. Alithibitisha vipande viwili, akaongeza kwamba kimoja siku zote huombwa kisagwe, kama cha mtu asiye na meno. Bi Pru wa mayai alisema Scrase hurudisha trei za mayai zikiwa na harufu ya moshi wa kuni, kwa hiyo si nyumba ya gesi. Jacek alisema matairi ya gari lake huacha udongo mwekundu kwenye mawe ya uwanja, naye ndiye huusugua kila Alhamisi jioni.

— Mwekundu? alisema Jaji. Mwekundu vipi? Kama tofali?

— Kama tofali.

Hapa Jaji hakutoa hukumu. Alitoa ushahidi.

— Nimeendesha basi namba tisa miaka kumi na tisa. Udongo mwekundu mji huu uko mahali pamoja, Njia ya Matofali, palipokuwa na tanuri zamani. Ukipita kipilefti, nyumba zinakwisha, kuna kibanda cha basi ambacho hapandi mtu. Na nyuma ya ua wa michongoma pale, jua likipiga, kitu kinameremeta. Miaka yote nilidhani ni maji.

— Ni vioo, alisema Avis. Nyumba ya vioo.

— Gari langu liko pale, alisema Garth.

Ratiba alikataa kwenda. Mtu mmoja lazima abaki stesheni, alisema, huenda msafiri akaja kwa njia nyingine. Avis akaketi mbele na mche wa manjano mapajani, Jaji akaingia nyuma kati ya ngazi na makopo ya rangi. Njia nzima Jaji hakusema methali.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, ya matofali ya hapohapo, na bomba lake la moshi lilikuwa likifuka. Avis alipouona ule moshi, alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri. Pembeni palikuwa na nyumba ya vioo ndefu kama behewa la treni, na ndani yake, safu kwa safu, miche ya mji mzima: nyanya, kabichi, maboga, maharage. Ilikuwa imekua kupita kiasi, inaegemeana, lakini udongo wake ulikuwa na unyevu. Mtu alikuwa akiinywesha kila siku.

Scrase alitoka mlangoni bila koti lake, kijiko mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Aliwatazama wageni watatu waliosimama kwenye kiwanja chake.

— Nani amekufa? aliuliza.

— Hakuna, alisema Avis. Tulidhani wewe.

— Mimi bado.

— Tumeona.

Kisha Scrase akafuta kijiko kwenye shati lake, akasema pole pole, kama mtu anayeungama:

— Ni baba. Dada wa jirani aliyekuwa akikaa naye Alhamisi amehamia Wales kwa bintiye. Halafu baba akaanguka. Wahudumu wanakuja asubuhi na jioni, watu wazuri, lakini mchana ni mimi. Ana miaka tisini na saba. Siwezi kumwacha.

— Mbona hukusema? aliuliza Jaji.

— Ningemwambia nani?

— Sisi.

— Nyinyi ni wateja, Bwana Philpot. Mtu hamsumbui mteja.

Jaji alichomwa na neno hilo, akapiga hatua moja mbele.

— Nimekaa mbele yako miaka kumi na minne, alisema. Umenikatalia vitunguu. Mteja hakataliwi. Anayekataliwa ni ndugu.

Scrase aliinamisha kichwa, akasogea pembeni, mlango ukawa wazi.

Kitanda kilikuwa kimehamishiwa jikoni, chini ya dirisha, ili anayelala aione nyumba ya vioo. Mzee aliyelala humo alikuwa mdogo sana, mweupe, mikono yake imetulia juu ya blanketi. Macho tu ndiyo yaliyokuwa makubwa.

— Hubert, alisema, hao ni kina nani?

Kwa hiyo jina lake ni Hubert, Avis aliwaza. Akasogea kitandani.

— Mimi naitwa Avis Tapsell, baba.

— Ukuta wa kusini, alisema mzee.

Avis alidhani hakusikia vizuri.

— Maharage, mzee aliendelea. Mumeo alikuwa Denis, alipenda figili. Amefariki Machi, mwaka juzi. Hubert alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Nikamwambia, Mei ikifika mwekee miche kwenye kikapu, usimwambie. Yalipanda?

— Yalipanda mpaka dirishani, baba.

— Dirisha la juu?

— La juu.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha macho yake yakahamia nyuma ya Avis.

— Na huyo mnene ndiye Jaji. Bado unataka vitunguu?

— Nimeacha, alisema Jaji.

— Vizuri. Na yule wa reli? Mzima?

— Mzima. Amebaki stesheni.

Scrase alisimama karibu na jiko la kuni, amegeuza uso.

— Kila Alhamisi namsimulia, alisema. Tunakula, namsimulia. Nani amenunua nini, nani amesema nini pale kwenye benchi. Tangu miguu yake ilipogoma, miaka kumi na moja sasa. Soko lake ndilo hilo. Siyo kwamba nawasengenya.

Avis alihisi kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua akakuta picha yake imetundikwa ukutani, na si yake tu, ya mumewe pia, na ya ukuta wake na maharage yake, vimepanguswa vumbi kila wiki. Alikuwa amelala peke yake miaka miwili akidhani hakuna amjuaye. Kumbe jikoni humu, kwa watu wawili waliokula nyama ya kondoo, alikuwa akiulizwa hali yake.

Alivua koti lake, akalitundika nyuma ya mlango.

— Miche ile haiwezi kungoja, alisema. Garth, gari lako linabeba trei ngapi?

— Zote, tukienda mara mbili.

— Nendeni mara mbili. Mimi nitakaa na baba. Na Alhamisi ijayo nitakaa, na zitakazofuata.

— Siwezi kukuomba hivyo, Bi Tapsell, alisema Scrase.

— Hujaniomba.

— Ni mbali kwako.

— Basi namba tisa linafika. Kuna kibanda ambacho hapandi mtu, nitapanda mimi.

— Lakini...

— Bwana Scrase, alisema Avis, na hapo akainua kiganja chake juu kama alivyokiinua miaka ishirini na mitatu mbele ya malori na mabasi. Scrase akasimama. Jaji, aliyewahi kusimamishwa na kiganja hicho akiwa na abiria arobaini, alimwambia kwamba hakuna rufaa.

Garth alikumbuka mche wake dakika ya mwisho. Scrase alitia kidole kwenye udongo wa chungu.

— Unaunywesha mno, alisema. Uache uone kiu kidogo.

Saa sita mchana ule trei za Scrase zilikuwa kati ya mayai na jibini, Jaji na Garth wakiuza, na watu walipanga foleni mpaka mlangoni pa kanisa. Hawakuuliza mengi. Waliuliza tu, "Mzima?" na walipoambiwa mzima, walinunua zaidi ya walivyohitaji. Mwenye bucha alituma vipande viwili, kimoja kimesagwa. Jaji aliuza maboga kwa mwanamke mwenye roshani ya hatua mbili, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba kazi ya Scrase si ya kila mtu.

Alhamisi iliyofuata Scrase mwenyewe alirudi na koti lake la kijani. Saa nne Avis alikuwa jikoni Njia ya Matofali, amemkalisha mzee kwa mito mitatu, na simu yake iko juu ya blanketi, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Upande wa pili alikuwa Jaji, benchini, ameinyanyua simu yake kuelekea meza ya miche.

— Sasa anakuja mama mwenye mbwa wawili, Jaji alisimulia. Anataka kabichi.

— Huyo ni Bi Wragg, alisema mzee. Ana konokono. Hubert amwambie atandaze maganda ya mayai.

— Hubert, baba anasema maganda ya mayai. Amesikia. Anasema ndiyo kwanza alikuwa anataka kusema.

— Mwongo, alisema mzee, akacheka mpaka Avis akamshikilia bega.

— Na mimi baba nina hoja, iliingia sauti ya Ratiba. Lile gari. Scrase na Mwana. Scrase ni nani?

— Ni baba yangu, alisema mzee. Mwana ndiye mimi. Hubert hajawahi kuandikwa.

Jaji alisikika akiomba kikombe cha tatu ili apate nguvu ya kulitafakari hilo, na Jacek akimjibu kwamba kahawa imekwisha, watu wamekunywa kama siku ya sherehe.

Waliendelea bila kahawa mpaka alasiri. Bi Pru alipita kusalimu, Garth akatangaza kwamba nyanya yake imetoa ua. Mzee alitaka kujua liko upande gani wa mche. Alipojibiwa, Avis aliona kidevu cha mzee kimeshuka kifuani na pumzi yake imekuwa ndefu. Jaji kule alikuwa akiuliza kama bado wanamsikia. Avis hakumjibu, asije akamwamsha mzee, wala hakuikata simu. Aliisogeza karibu na ule mkono mweupe, akarudi kwenye kiti chake, na soko la Pelbury likaendelea kusikika pale jikoni likifungwa, meza moja baada ya nyingine.